Mtoto wa Unguja, bendi ya makelele, na kipimo unachokikwepa

Posti ya leo ni ndefu, nimeigawa vipande vitano. Mlaze mtoto kwanza, epua sufuria jikoni, halafu urudi tukae.

Mmoja wenu kaniandikia inboksi. Kijana wake wa kidato cha pili kaanza kusikiliza "ule muziki wa wazungu wa makelele, magitaa yanalia kama mashine ya kusaga," na majirani wanamwambia ni muziki wa mashetani. Anauliza: nesi, huyu mtoto ndo anapotea?

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi. Ndani ya huo muziki kuna bendi moja ambayo kila mama wa Tanzania angepaswa kuijua. Kiongozi wake alizaliwa kwetu. Na kilichomuua ndicho ninachokipima kila siku ya kliniki hapa Mlalo.

KIPANDE CHA 1: HAYO MAKELELE NI NINI

Muziki huo unaitwa hevi metali. Ni mtoto wa muziki wa roki, ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Bendi inayotajwa zaidi kama chanzo ni Black Sabbath ya Birmingham, mji wa viwanda. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akavivisha ngozi, akaendelea kupiga. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970.

Kwa hiyo mama, huo muziki ulianzia kwa vijana wa kiwandani ambao masikio yao yalishazoea vyuma kugongana. Mashetani mengi ni ya kwenye picha za kava.

Ninachokiogopa mimi kama nesi ni masikio. Mwambie kijana sauti ya simu isizidi asilimia 60 anapovaa spika za masikioni, na apumzike kila baada ya muda. Akisikia mlio wa nyenje ndani ya sikio baada ya kuzivua, ujue amepitiliza. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Kingine: mtoto mchanga asilazwe karibu na spika, hata kama ni sherehe ya ubatizo wake mwenyewe.

Hilo limeisha. Sasa tuje kwa bendi yenyewe. Inaitwa Queen.

Wajuzi wa muziki hubishana kama Queen ni hevi metali au roki tu, kwa sababu baadaye walipiga kila kitu, hadi nyimbo za kuchezea disko. Ila albamu zao za mwanzo, ya 1973 na mbili za 1974, zina magitaa mazito kwelikweli. Wimbo wao Stone Cold Crazy wa 1974 ulikuja kurudiwa na Metallica, bendi kubwa ya hevi metali ya Marekani, na Metallica wakapata tuzo ya Grammy ya muziki wa metali kwa wimbo huo mwaka 1991. Kwa hiyo kijana wako akikuambia Queen si metali, mwambie hilo. Atashangaa mama yake kalijulia wapi.

KIPANDE CHA 2: MTOTO WA UNGUJA

Tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali Unguja, mama mmoja anaitwa Jer Bulsara alijifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Farrokh. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya India. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa mahakama kuu chini ya serikali ya kikoloni.

Mtoto alizaliwa na meno manne ya ziada, ambayo baadaye yaliyasukuma mengine mbele. Shuleni wenzake walimtania sana. Alipokuwa mtu mzima na pesa anazo, alikataa kuyarekebisha kwa kuogopa sauti yake itabadilika. Nalisema hili kwa ajili ya mama anayelia kwa sababu mtoto wake ana kasoro ya meno au kidole. Mlete tumwangalie, ndiyo. Lakini usimtazame kama kitu kilichoharibika.

Akiwa na miaka kama minane alipelekwa bweni India, shule ya St. Peter's kule Panchgani. Kufika huko ilikuwa ni kusafiri na meli. Fikiria, mtoto wa darasa la pili! Huko alijifunza piano, na akiwa na miaka 12 wakaanzisha bendi ya shule. Mwaka 1963 akarudi Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yakatokea, watu wengi wakafa, wengi wakakimbia. Familia ya Bulsara ikaondoka kwenda Uingereza, wakaishi Feltham, karibu na London. Farrokh alikuwa na miaka 17.

Ukubwa haukumshukia tu. Alibeba mizigo kiwanja cha ndege cha Heathrow. Alisoma usanifu wa michoro chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Na yeye na mwenzake Roger Taylor walikuwa na kibanda sokoni Kensington wanauza nguo za mitumba. Yaani huyu ambaye leo ana jumba la kumbukumbu pale Shangani, Mji Mkongwe, lililofunguliwa 2019, alipiga mnada wa mitumba kama vijana wetu wanavyofanya siku ya soko hapa Mlalo.

KIPANDE CHA 3: BENDI YA VITU VYA KUOKOTA

Roger alikuwa mpiga ngoma kwenye bendi ya wanafunzi inaitwa Smile. Alianza chuo akisomea udaktari wa meno, akahamia biolojia. Mpiga gitaa alikuwa Brian May, mwanafunzi wa fizikia. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka 1970, Farrokh akaingia. Ndiye aliyelipendekeza jina Queen, ndiye aliyechora nembo yao, na yeye mwenyewe akajiita Freddie Mercury. Mwaka 1971 akaja mpiga gitaa la besi, John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki. Hao wanne hawakubadilika tena kwa miaka 20.

Hapa kwa Brian ndipo ninapotaka mama na baba wakae sawa.

Brian akiwa na miaka 16 alitaka gitaa la umeme, na nyumbani hawakuwa na pesa ya kununua zuri. Mwaka 1963 yeye na baba yake, Harold, wakaanza kulitengeneza nyumbani. Mbao ya shingo ya gitaa waliitoa kwenye fremu kuukuu ya meko ya kuotea moto. Springi wakatoa kwenye injini ya pikipiki mbovu. Ncha ya mkono wa kutikisia nyuzi ilikuwa sindano ya kufumia sweta. Zile nukta nyeupe za kuonyesha pa kuweka vidole zilikuwa vifungo kutoka kwenye kopo la mama la kushonea. Iliwachukua kama miaka miwili. Gitaa hilohilo ndilo alilopigia karibu rekodi zote kubwa za Queen, na analipiga hadi leo.

John naye aliokota ubao wa saketi ya umeme kwenye pipa la taka za ujenzi, akautengenezea kikuza sauti, na kikatumika kwenye rekodi.

Sasa wewe, mtoto wako akiunganisha betri za tochi na waya wa redio mbovu, unafanya nini? Wengi wetu tunasema "ondoa uchafu wako hapa." Najua nyumba ni ndogo na ndoo ya maji iko pale katikati. Ila mpe kona yake. Na baba mtoto, nusu saa ya kukaa naye jioni ukimshikia bisibisi haigharimu hata senti. Harold hakumnunulia mwanawe gitaa, alimpa muda wake.

Mwaka 1974 bendi ilikuwa Marekani, ndiyo kwanza majina yao yanaanza kusikika, Brian akaugua homa ya ini. Safari ikakatishwa, wakarudi nyumbani. Wenzake wakaanza kurekodi albamu iliyofuata bila yeye, na kwenye kila wimbo wakamwachia nafasi ya gitaa lake. Alipopona akaja kuzijaza. Hawakutafuta mtu mwingine.

Homa ya ini ziko aina kadhaa. Ile ya B mtoto wako anakingwa ndani ya chanjo ya pentavalenti, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kadi sasa hivi uangalie. Kama kuna mstari mtupu, usione aibu, njoo.

Halafu ndipo wakapaa. Mwaka 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Watu wa biashara wakasema ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Tarehe 13 Julai 1985 walipanda jukwaani uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid. Lilikuwa la kuchangia waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia, jirani zetu hapa Afrika Mashariki. Walipewa kama dakika 20. Watu wengi wa muziki wanaamini hakuna aliyewahi kutumia dakika 20 vizuri kuliko Freddie siku ile. Mtu mmoja, maiki kwenye kipande cha stendi, na uwanja mzima unamwitikia kama kwaya inavyomwitikia mwalimu wake.

KIPANDE CHA 4: UGONJWA

Mwaka 1987 Freddie alipimwa akakutwa na VVU.

Naomba tusimame hapa. Najua kuna watakaotaka kuandika kwenye maoni kuhusu maisha yake, alimpenda nani, aliishi vipi. Alipenda wanaume, hilo si siri. Lakini mimi nikivaa gauni langu jeupe siulizi mtu kaupataje ugonjwa ili nijue kama anastahili huruma. Nauliza ili nijue nani mwingine anahitaji kupimwa. Ukianza kugawa wagonjwa wa halali na wa haramu, wa kwanza kukimbia kituo ni yule mama mjamzito aliyeletewa na mume wake wa ndoa.

Freddie alikaa na siri hiyo miaka. Waliojua ni wachache. Wapiga picha walikuwa wakimvizia nje ya nyumba, magazeti yakiandika "amekonda." Sisi tunaijua vizuri lugha hiyo. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walibainika mwaka 1983, waliuita ugonjwa huu Juliana. Huku watu walisema "amekanyaga miwaya." Nilipokuwa binti mdogo, msibani wakubwa walishusha sauti wakitaja kilichomuua marehemu, na wengine walisema karogwa, kwa sababu kulogwa kulikuwa na heshima zaidi.

Alifanya kazi mpaka mwili ukakataa. Miezi ya mwisho, kule Montreux, Uswisi, alirekodi sauti yake kipande kwa kipande, ili wenzake wamalizie muziki baadaye. Walimalizia, na albamu hiyo, Made in Heaven, ikatoka 1995, yeye akiwa hayupo.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo kwamba ana VVU na UKIMWI, na kwamba alinyamaza ili kulinda faragha ya watu wake wa karibu. Kesho yake jioni akafariki kwa nimonia. Alikuwa na miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta, dini ya wazazi wake. Mama yake, Jer, aliishi miaka mingine 25. Alifariki 2016 akiwa na miaka 94. Mama zangu, hesabu wenyewe ni miaka mingapi ya kuisikia sauti ya mtoto wako redioni naye hayupo tena.

Aprili 1992 wenzake waliita tamasha pale Wembley kumuaga na kuzungumzia UKIMWI. Walikuja Metallica, Def Leppard, Guns N' Roses, na Tony Iommi yule wa vidole vya plastiki. Wababe wa makelele wote, wanachangisha pesa za UKIMWI wakati watu wengi waliogopa hata kumpa mgonjwa mkono. Fedha zikaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao unasaidia kazi za UKIMWI hadi leo.

Mwaka 1987 kulikuwa na dawa moja, AZT, na peke yake haikutosha. Mchanganyiko wa dawa unaofanya kazi kweli ulikuja 1996, miaka mitano baada ya yeye kufa. Hapa kwetu, huduma ya ARV bure serikalini ilianza kusambaa kuanzia 2004. Freddie alikuwa na pesa za kununua nyumba yoyote London. Kidonge ambacho mimi ninacho kwenye kabati la kliniki, cha bure, yeye hakukipata kwa sababu hakikuwepo.

KIPANDE CHA 5: SASA TUONGEE MIMI NA WEWE

Kuna mama mmoja, nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuja kliniki mimba ya pili, majibu yakatoka ana maambukizi. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada, hii kadi itaandikwaje?" Hakuuliza kama atakufa, aliuliza kuhusu kadi, kwa sababu mama mkwe ndiye anayezisoma kadi za watoto wa ile nyumba.

Dawa alizificha kwenye kopo la maharage. Alivuka mabonde mawili kwa miguu kuja kwetu, wakati kuna kituo karibu na kwake, ili asionwe na jirani. Mwezi wa tatu akapotea. Tulimfuatilia kwa staha, bila kupiga kelele kijijini. Kumbe kopo limeoshwa, dawa zimemwagwa na mtu asiyejua ni nini, naye akaogopa kuja kuomba nyingine.

Alirudi. Tukapanga siku ya kuzungumza na mume wake hapa, mlango umefungwa, nami nikiwepo. Mume akapima, hana maambukizi. Ndiyo, inawezekana, tunawaita wenza wenye majibu tofauti. Aliondoka kwenda kwa wazazi wake wiki tatu. Wiki ya nne alikuja naye kliniki, amebeba mtoto wao mkubwa mgongoni. Sitawaambia kwamba kila kitu kilikuwa kizuri baada ya hapo. Ila mtoto wao wa pili alipofikisha miezi 18 na kuachishwa ziwa, kipimo cha mwisho kilikuwa hasi. Mama aliishika ile karatasi akaikunja mara nne na kuitia kifuani.

Sasa sikiliza hesabu. Bila dawa, katika kila watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri na mtoto akipata zake, wanabaki chini ya 5. Kwa hiyo:

Pima hudhurio la kwanza, usingoje tumbo kuonekana. Kipimo hurudiwa baadaye kwenye ujauzito, usikasirike ukiambiwa upime tena. Hatujakutilia shaka, ni utaratibu wa wote.

Njoo na mwenza. Majibu ya mke si majibu ya mume. Baba anayesema "mke wangu kapima yuko salama, basi na mimi salama" anajidanganya.

Ukikutwa nayo, dawa unaanza mara moja na ni za maisha. Virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza wako kwa njia ya kujamiiana. Ukiacha vinarudi.

Mtoto hupewa dawa ya maji ya nevirapini tangu kuzaliwa, kwa kawaida wiki 6, na hupimwa kwa tone la damu kwenye wiki ya 6. Nyonyesha maziwa yako tu miezi 6 ya kwanza. Usichanganye na uji wa bibi, hata bibi akinuna.

Na siri yako ni yako. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza mtoa huduma kutangaza majibu yako. Kama umewahi kutolewa siri na mtu wa afya popote pale, nakupa pole, na naelewa kwa nini umeacha kwenda. Ila mtoto wako asilipie kosa la yule mtu. Nenda kituo kingine, panda hata basi la Lushoto ushukie mbali, lakini nenda.

Nimewasimulia habari za bendi ya Uingereza kwa sababu hii. Yule mtoto wa Unguja alikuwa na sauti ya ajabu, rafiki waliomwachia nafasi, mama aliyempenda, na fedha. Alikosa muda tu, kwa sababu dawa ilichelewa. Wewe dawa imekuwahi. Iko hapa, na kunywa ni kidonge kimoja kwa siku.

Mama wa kidato cha pili, mwache kijana asikilize, mpunguzie sauti tu. Tena muombe akuchezee Queen, mkae wote msikie.

Kliniki ya wajawazito ni asubuhi kama kawaida. Njoo na kadi, njoo na sweta maana ukungu wa wiki hii si mchezo, na kama yupo, njoo na baba mtoto. Posti ijayo tutaongea kuhusu mtoto anayekataa kula baada ya miezi sita. Maswali yako ya siri yalete inboksi, usiyaandike kwenye maoni.